Zambarau ya harusi: je, njia ya haraka inatosha kwa sufu na moheri, au nikoleze polepole?

Mfumaji wa Himbi, Goma

Salamu kwenu nyote mnaoshughulika na nyuzi na rangi. Mimi na akina mama wenzangu wanne tunafuma mitandio na sweta za watoto hapa Himbi, na hadi juzi tulikuwa tukinunua uzi uliokwisha kutiwa rangi. Sasa tumepata agizo la mitandio kumi na miwili ya harusi, yote ya zambarau iliyokolea, na ndugu yangu aliyeko Afrika Kusini ametuletea uzi mweupe wa namna mbili: sufu ya kondoo kwa ajili ya pindo, na moheri nyembamba kwa ajili ya mtandio wenyewe. Lebo ya moheri inasema kuwa sehemu 70 kwa mia ni singa za mbuzi wa Angora, na sehemu 30 ni hariri.

Kwa kuwa makaa yamepanda bei na siku za harusi hazingoji mtu, nilianza na njia ya haraka. Nilichemsha maji ya bomba mpaka yakatokota, nikatia rangi ya unga pamoja na siki, kisha nikatumbukiza shada moja (fungu la uzi uliozungushwa) la sufu na shada moja la moheri, yote mawili yakiwa makavu, nikayageuza kwa mwiko kwa dakika kumi na tano, nikayatoa na kuyatia papo hapo katika beseni la maji baridi. Sufu imegandamana kiasi kwamba sipati tena mwanzo wa uzi. Upande uliotangulia kugusa maji umekuwa waridi, katikati pana bluu, na pale nilipofunga kamba pamebaki peupe kabisa. Moheri haikugandamana sana, ila imekolea zaidi kuliko sufu ingawa zilikuwa katika sufuria moja, manyoya yake yamesukana, na ule mng'ao ulionifanya niipende umefifia. Nimesuuza mara nane na maji bado yanatoka na rangi.

Swali langu si kama njia ya polepole ni bora, kwani hilo nalidhania. Nataka kujua ni hatua zipi ndani yake ambazo kweli zinafanya kazi, na zipi ni desturi tu ambayo mtu mwenye mbabula moja, yaani jiko la makaa, na gunia moja la makaa anaweza kuiacha bila kuharibu uzi wa watu.

Mama wa Nyawera, Bukavu

Pole, mdogo wangu. Shada langu la kwanza liliishia kuwa kitambaa cha kushikia sufuria, na bado ninalo jikoni, kwa hiyo usione haya.

Tutenganishe kwanza makosa, kwa maana umeyafanya kadhaa kwa mpigo, na si yote yaliyotokana na haraka. Kugandamana kwa sufu hakukuletwa na moto peke yake. Unywele wa kondoo una magamba madogo sana yanayoelekea upande mmoja, kama vigae vya paa. Maji ya moto huyafungua, mwiko huyasuguanisha, na kutupwa ghafla katika maji baridi huyafunga yakiwa yamekwisha kushikana. Ungeiacha ile sufu itulie katika maji hayo hayo ya moto, kisha ipoe ndani yake bila kuguswa, pengine ungeiokoa. Moheri ina magamba pia, lakini ni bapa na yamelala vizuri juu ya unywele, ndiyo sababu inang'aa, na ndiyo sababu haikugandamana kama mwenzake. Udhaifu wake uko kwingine: ikichemshwa kwa nguvu hupoteza mng'ao, na manyoya yake marefu husukana yakikorogwa.

Zile rangi mbili zilizojitenga zina maelezo yake. Zambarau nyingi za dukani si rangi moja, bali ni mchanganyiko wa nyekundu na bluu, na kwa kawaida nyekundu ina mbio kuliko bluu. Siki ikiwamo tangu mwanzo na maji yakiwa ya moto, nyekundu huuparamia uzi mahali pa kwanza ulipogusa maji, nayo bluu hubaki ikitafuta nafasi. Uzi mkavu huzidisha balaa, kwa sababu sehemu zilizolowa hunywa rangi yote kabla ya zile kavu kuamka. Kamba iliyokazwa sana nayo ndiyo hiyo iliyokuachia weupe. Funga kwa kulegeza, katika umbo la nane, mahali pasipopungua panne.

Ama kuhusu moheri kukolea kuliko sufu, hilo lilikuwa halina budi kutokea. Moheri hunywa rangi upesi kuliko sufu ya kawaida, na hariri iliyomo ndani yake huanza kunywa hata maji yakiwa bado vuguvugu. Kuziweka katika sufuria moja ni sawa na kuwapakulia watoto wawili sahani moja huku mmoja amepewa upawa. Kwa kuwa pindo na mtandio wako vinapaswa kufanana, tia rangi kila uzi peke yake na ulinganishe baadaye.

Sasa nikueleze ninavyofanya mimi, kwa gramu 100 za uzi. Napima uzi ukiwa mkavu, kwa maana uliolowa utakudanganya. Naulowesha katika maji vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, usiku kucha nikipata nafasi, au nusu saa nikikosa. Sitii kamwe sabuni ya unga. Rangi nayo naiyeyusha kando: gramu 1 katika mililita 100 za maji ya moto, naikoroga mpaka isibaki chembe, halafu naichuja kwa kitambaa cha soksi nyembamba, kwa sababu chembe moja isiyoyeyuka huacha doa ambalo halitoki hata kwa dua. Mililita 100 za maji hayo kwa gramu 100 za uzi hutoa rangi ya wastani. Kwa zambarau iliyokolea huenda ukahitaji mara mbili au tatu ya hapo.

Katika sufuria naweka lita 4 za maji, joto likiwa nyuzijoto 40 hivi, yaani maji unayoweza kumwogeshea mtoto. Naimimina rangi, nakoroga, ndipo nauingiza uzi uliolowa, bila siki. Kwa nusu saa nauinua na kuushusha polepole kwa fimbo mbili, kama mtu anayesuuza nguo ya hariri. Kisha napandisha moto taratibu. Hapa ndipo siri ilipo, mdogo wangu, na nikiambiwa nichague hatua moja tu ya kuishikilia kwa meno ningechagua hii. Kati ya nyuzijoto 60 na 80 ndipo uzi unapofungua mdomo na rangi inapokimbilia ndani, kwa hiyo katika eneo hilo napunguza makaa na kuruhusu joto lipande kiasi cha nyuzijoto moja kwa dakika. Siki, vijiko vinne vya chakula, naitia kwa awamu mbili, na kila mara nautoa uzi kwanza, nakoroga, halafu naurudisha. Asidi ndiyo inayoufanya uzi uivute rangi; ikitangulia, uzi unavuta kwa pupa.

Kwa sufu nafika nyuzijoto 85 hadi 90 na kubaki hapo dakika 45. Kwa moheri sizidi 85. Kumbuka pia kuwa kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji hutokota kwenye nyuzijoto 95, si 100, lakini hata hizo 95 ni nyingi mno kwa moheri. Ukiona vipovu vikubwa vinapanda, umekwisha kupita. Mwishowe naacha sufuria ipoe yenyewe mpaka asubuhi.

Umeuliza ni kipi cha kuacha. Makaa ya dakika hizo 45 unaweza kuyaacha kabisa. Maji yakifika kwenye joto unalolitaka, funika sufuria, iteremshe, uiweke ndani ya kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu ya migomba, uizungushie blanketi kuukuu, kisha ulale. Hicho ni kikapu kile kile ambacho mama zetu walikitumia kuivisha maharage. Joto hushuka polepole sana humo, na rangi inaendelea kuingia bila wewe kuwasha hata kipande kimoja cha makaa. Usichoweza kuacha ni kulowesha, kuyeyusha rangi kando, na kule kupanda taratibu.

Nina neno moja zaidi kabla sijasahau. Hakikisha rangi uliyonunua si ile ya batiki inayofungwa kwa magadi. Kwa pamba ni nzuri sana, lakini magadi ni adui wa sufu, huilainisha mpaka inaoza mkononi. Kama ndiyo pekee uliyo nayo, yaache magadi yake pakitini, utumie siki na moto kama nilivyoeleza, na nyingi kati ya rangi hizo zitashika.

Mchovyaji wa Kamalondo, Lubumbashi

Yaya wa Nyawera, yaani dada yangu mkubwa, maelezo yako nimeyanakili yote kwenye daftari. Hata hivyo naomba niitetee haraka, kwa sababu inasingiziwa makosa ambayo ni ya pupa.

Mimi hutia rangi kofia na soksi za watoto, na sihitaji shada zima lifanane. Wateja wangu hupenda uzi wenye mabaka ya rangi zinazoingiliana. Kwa kazi hiyo sitii uzi majini hata kidogo. Naulowesha kwa nusu saa katika maji yenye siki, naukamua, naulaza juu ya karatasi ya plastiki, kisha namwagia rangi kwa chupa ndogo, nikibonyeza kwa vidole vilivyovaa glavu ili ifike mpaka ndani. Naufunga ndani ya plastiki hiyo kama chikwangue, ule mkate wa muhogo unaofungwa kwa majani, naupanga juu ya wavu ndani ya sufuria yenye maji kidogo chini, nafunika, na mvuke unafanya kazi kwa dakika 30 hadi 40. Hakuna anayeukoroga, hakuna kinachosuguana, na maji ya kuchemsha ni lita moja badala ya nne. Moheri hasa inaipenda njia hii, kwa kuwa manyoya yake yanabaki yamelala. Ni njia ya haraka, lakini nauacha ule mkunjo upoe kabla ya kuufungua, na hapo sina mchezo.

Kuna pia rangi za chakula, zile za keki, na hata poda za vinywaji vya mtoto zisizo na sukari. Zinashika sufu na moheri vizuri kwa siki au maji ya limau, kwa sababu kwa asili yake nyingi ni za ukoo mmoja na rangi za asidi za kutilia sufu. Wenye mikrowevu huweka uzi uliolowa katika bakuli la maji yenye rangi na siki, huwasha kwa dakika mbili, hupumzisha kwa dakika mbili, na kurudia mpaka maji yabaki meupe. Uzi lazima uwe umezama, kwani ukikauka ndani ya mashine hiyo huungua. Nimefanya hivyo siku ambazo umeme ulikubali. Udhaifu wa rangi hizi ni jua: kofia inayoanikwa kila siku hupauka mapema kuliko ile iliyotiwa rangi ya sufu ya kiwandani. Kwa mtoto ambaye baada ya miezi sita kichwa kimekwisha kuizidi kofia, si neno. Kwa mtandio wa harusi ambao bibi harusi atamrithisha binti yake, nisingethubutu.

Kwa hiyo, Dada wa Himbi, kwa mitandio kumi na miwili ya rangi moja mfuate Yaya. Njia yangu haitakupa mashada kumi na mawili yanayofanana, hata ukipima kwa mizani ya dhahabu.

Niongeze tahadhari kwa wote wanaonunua uzi sokoni. Kwetu kila uzi wa kufumia huitwa laini, kutokana na neno la Kifaransa la sufu, na muuzaji mmoja aliwahi kuniapia kuwa mashada yake ni sufu tupu. Nilitumia jioni nzima na chupa nzima ya siki, uzi ukatoka mweupe kama ulivyoingia. Ulikuwa akriliki, uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki. Tangu siku hiyo nachomoa kipande cha urefu wa kidole na kukichoma kwa kiberiti kabla ya kulipa. Sufu na moheri huwaka kwa uvivu, hunuka kama nywele zilizoungua, na huacha jivu jeusi linalosagika ukilibonyeza. Akriliki huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Muuzaji akikataa usichome, umekwisha kupata jibu.

Nilijaribu pia unga wa mti wa mukula, kwa kuwa nilijua wazee wa Kasai walipata wekundu wao wa tukula kutoka kwa miti ya ukoo huo. Ndani ya maji matupu haukutoa kitu cha maana, kwani wekundu wake hauyeyuki kirahisi majini. Nilipoulowesha kwa pombe kali kwanza ndipo ulipoanza kutoka. Hiyo siyo njia ya haraka wala ya polepole, ni njia ya mtu asiye na agizo.

Mwalimu wa Katindo, Goma

Nafundisha kemia, na mke wangu ndiye mfumaji, kwa hiyo nitagusia maji tu, ambayo hakuna aliyeyataja.

Dada ametumia maji ya bomba, na sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Goma husukumwa kutoka Ziwa Kivu. Maji ya juu ya ziwa hilo si kama ya mto: yana chumvi nyingi zilizoyeyuka, hasa za jamii ya bikaboneti, na pH yake, yaani kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, ni karibu 9, ilhali sufuria ya kutilia sufu rangi inataka kuwa kati ya 4 na 5. Bikaboneti humeza asidi. Nimepiga hesabu, na kwa lita 4 za maji ya ziwa vile vijiko vinne vya siki ya asilimia 5 alivyovitaja Mama wa Nyawera vitatumika karibu vyote kuyatuliza maji yenyewe, kabla uzi haujapata chochote. Ukitia siki katika maji hayo yakiwa ya moto utaona vipovu vidogo vikipanda. Ni siki yako inayokwenda zake. Hiyo yaweza kuwa sababu mojawapo ya rangi yako kuendelea kutoka hata baada ya kusuuza mara nane, kwani haikupata asidi ya kuishikiza, nawe ukaendelea kuisuuza kwa maji yale yale yanayoing'oa.

Kama huna maji mengine, ongeza siki mpaka karatasi ya kupimia ioneshe 4 au 5. Asidi ya sitriki ya unga ni nafuu zaidi kwa kazi hii, kwani kijiko kimoja cha chai kina nguvu inayozidi ile ya vijiko vinne vya chakula vya siki. Bora zaidi ni maji ya mvua, ambayo wengi wetu hapa tunayakinga hata hivyo, kwa kuwa mji umekaa juu ya mawe ya volkano na vijito havipo. Moshi wa Nyiragongo ukipeperushiwa upande wetu, mvua hiyo huwa na asidi ndani yake, jambo ambalo ni baya kwa anayeinywa ila halimsumbui mtia rangi. Achilia mbali maji ya kwanza, yanayosafisha majivu na vumbi juu ya paa. Pia chunguza mabati: yakiwa na kutu, chuma kidogo huingia katika pipa. Kwa rangi za kiwandani huenda usione tofauti kubwa, lakini mke wangu alitia maganda ya vitunguu akitarajia dhahabu, akatoka na kijani cha zeituni. Alisema ndiyo aliyoitaka.

Mama wa Nyawera, Bukavu

Mwalimu, asante sana. Mimi natumia maji ya chemchemi, ndiyo sababu sikuwahi kuliona hilo. Dada, badilisha basi kiasi cha siki kulingana na maji yako, lakini desturi ya kuitia kwa awamu ibaki pale pale.

Kuhusu maganda ya vitunguu, ambayo nayapenda kuliko rangi zote za pakiti, huko ndiko haraka haina nafasi kabisa. Uzi huchemshwa kwanza kwa shabu, ile ambayo vinyozi hupaka baada ya wembe, gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za uzi, kwa saa nzima kwa moto mdogo. Maganda nayo huchemshwa saa yake. Ndipo viwili hivyo vikutanishwe. Manjano ya jikoni hayahitaji shabu na yatakupa rangi kali kwa robo saa, na jua litaichujua yote kabla ya mwezi kuandama mara tatu. Na sufuria iliyopikiwa shabu au rangi za pakiti isirudi tena kupikia ugali. Mrututu, yaani salfeti ya shaba, ambao baadhi ya watu huutumia kukijanisha rangi, mimi siuingizi nyumbani mwangu. Ni sumu, na maji yake hatimaye yataishia ziwani tunamovua sambaza.

Mchovyaji wa Kamalondo, Lubumbashi

Dada, jambo moja dogo: usijaribu na uzi wa agizo. Kata vipande vya gramu 5 kwanza, na kila kimoja ukifungie kikaratasi chenye kipimo cha rangi, siki na dakika. Rangi ya uzi uliolowa huonekana imekolea kuliko ilivyo. Usihukumu mpaka ukauke kabisa.

Mfumaji wa Himbi, Goma

Ndugu zangu, naleta majibu baada ya siku tisa.

Nilianza na vipande vya gramu 5 kama nilivyoshauriwa, nikapata kuwa moheri inafikia zambarau ninayoitaka kwa gramu 2 za rangi kwa kila gramu 100, ilhali sufu inahitaji karibu gramu 3 ili ziwekwe pamoja bila jicho kuona mpaka. Nililinganisha kwa kuviringisha nyuzi zote mbili juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, asubuhi, kwa sababu taa ya sola ilinidanganya usiku wa kwanza.

Kisha nikatia mashada manne ya moheri ya gramu 25 kwa pamoja, katika maji ya mvua. Kutoka vuguvugu hadi 85 nilitumia saa moja na dakika kumi, nikiwa nimekaa na kipimajoto mkononi na kuwatimua watoto. Nilipofika 65 niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona: maji yaliyokuwa ya wino yalianza kuwa mepesi ukingoni mwa sufuria, na uzi nao ukazidi kukolea, yote yakitokea taratibu kama mtu anayepandisha pazia. Saa mbili usiku niliiteremsha sufuria na kuifukia kikapuni. Saa kumi na mbili asubuhi maji yalikuwa bado vuguvugu, nayo maangavu kiasi cha kuona chini ya sufuria. Niliyasuuza mashada mara mbili tu, kwa maji ya joto lile lile. Hakuna waridi, hakuna bluu, na mng'ao upo. Nilipoyatundika kivulini mama mmoja wa kikundi alidhani yamelowa bado.

Ama makaa, nilijaza mbabula mara moja. Siku ile ya haraka pia niliijaza mara moja, ila sikuhesabu maji ya zile suuza nane wala thamani ya uzi nilioutupa.

Mpaka sasa tumemaliza mashada ya mitandio saba. Limeharibika moja. Binti anayetusaidia aliona pipa la mvua limepungua, akalisuuza shada la sufu kwa maji ya ziwa na sabuni ya unga bila kuniuliza. Beseni likageuka zambarau, na uzi umekuwa mkavu mkononi na kufifia. Sikumgombeza, kwa kuwa sikuwa nimemwambia. Shada hilo nimelitenga, nalo litanitosha kujifumia kofia ya asubuhi za Juni.